Chupa Niliyoitoa Newala

Ndugu zangu wa Tanga, mmeniuliza niliendea nini Newala. Nilifuata kipande cha uvimbe. Katika maabara ya Nairobi ninakoosha chupa, wakubwa wetu huotesha vipande vya uvimbe ndani ya chupa, kisha hujaribu dawa humo kabla ya kumpa mgonjwa. Kilitakiwa kipande kibichi, kilicho hai. Daktari wa Newala alikuwa na mtoto, Somoe, aliyevimba taya hadi jicho likafumba.

Masasi niliteremka kwenye ndege ndogo asubuhi. Rubani akasema kesho saa nane anaondoka, niwepo nisiwepo. Lori la korosho likanipandisha Newala, nami nikatapika mara mbili.

Jioni nilimwomba ruhusa baba wa mtoto. Alikubali upesi, nikafurahi bure. Wauguzi walinicheka: huku mwenye kauli ni mjomba. Nikaanza upya.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Cha mwili wa mtu sisi tunazika. Ukikichukua, urudi utuambie kimezikwa wapi.”

Nikaahidi.

Kulipokucha daktari alikata kipande kidogo kama punje ya mtama, nikakitia chupani. Joto lingekiua, na barafu hakuna. Ilibidi chupa ifungwe kitambaa na kumwagiwa maji njia nzima. Lakini Newala maji hufuatwa bondeni, kushuka na kupanda nusu siku. Mama Somoe alikuwa na mtungi mmoja tu.

“Uvimbe huu unamla mwanangu,” alisema, “nami niunyweshe?”

Niliona haya. Nikamweleza kwamba kipande kikifa njiani, hakuna dawa itakayojaribiwa. Akamimina mtungi wote kwenye debe langu.

Saa nane kasorobo nilifika Masasi. Debe lilikuwa tupu, chupa bado baridi.

Nairobi kile kipande kilishika, kikaota, kikajaza chupa ya pili, hata ya tano. Dawa mbili za kwanza hazikukifanya kitu.

Baada ya miezi minne nilirudi Newala kutimiza ahadi. Nilikuta Somoe amezikwa. Nililia, siwafichi.

“Na kile kimezikwa wapi?” mjomba aliuliza.

“Hakijazikwa, mjomba. Kiko hai. Tunakilisha.”

Nilingoja matusi. Hadi siku ile nilidhani kazi yangu ni kukiweka hai tu, na nilikuwa najivunia. Mama Somoe akatua mtungi wake.

“Umesema kiko hai?”

“Ndiyo, Mama Somoe.”

“Basi rudi, mkakiue.”