Majani ya Kushuka Nayo

Bibi yangu Anasia alipenda kutembea. Kwenda sokoni au kanisani kila mtu alikwenda. Yeye alitembea ili atembee tu, na katika Umeru wa wakati wa Mwingereza mwanamke wa namna hiyo alikuwa kama jogoo aliyetaga. Watu walisimama njiani kumtazama.

Yote yalianzia kwenye mapafu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya misheni juu ya Tengeru, aliposhikwa na nimonia akalazwa. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alimwambia atembee kila siku, polepole, wala asipande mlima. Ushauri ulikuwa mzuri, ila kwao hapakuwa na mahali pasipo mlima. Ukitoka mlangoni, ama unapanda ama unashuka, na ukishuka itakubidi upande kurudi.

Ndipo akaijua njia ya mfereji. Mfereji ule ulichimbwa na wazee kabla ya Mjerumani, ukateremsha maji ya mto kutoka msituni hadi kwenye migomba na kahawa. Maji yakikimbia hubomoa kingo, kwa hiyo waliochimba waliyazungusha mlimani taratibu, wakikwepa kila mteremko mkali. Anayefuata mfereji kwenda juu hupanda bila kujua kwamba anapanda. Bibi alisema siku ya kwanza alikwenda hadi kwenye mti mkubwa wa mringaringa, akageuka nyuma, akashtuka kuona paa la kanisa liko chini yake. Hata hakuwa amehema.

Baada ya hapo hakwenda peke yake. Ruth, aliyeimba naye kwaya, alikuwa mnene, mwenye maneno, na mlima aliuogopa kuliko nyoka. "Nikianguka mtanibingirisha hadi Usa River," alisema, lakini akaja. Wa tatu alikuwa Pushpa, binti wa mzee Harshad mwenye duka la vitambaa pale Tengeru. Pushpa alizaliwa nyuma ya duka lile, alipiga soga kwa Kimeru na wauza ndizi, na hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi ya kushushia majora ya khanga. Baba yake alimruhusu kwa kuwa mwalimu alikuwepo.

Basi kila Jumapili baada ya ibada walikutana kwenye daraja la magogo, pale mfereji unapokata barabara. Anasia alichukua ndizi za kuchoma, Ruth magimbi, Pushpa chapati nyembamba zenye majani ya uwatu. Kikombe kilikuwa kimoja, cha bati, chenye picha ya Malkia, kati ya vile walivyogawiwa watoto wa shule mwaka aliotawazwa. Na walikuwa na utaratibu mmoja, ambao Anasia aliutunga kwa ajili ya mapafu yake mwenyewe: wa polepole ndiye anayetangulia, na hakuna anayempita. Mapafu yake yalipopona, nafasi ya mbele ilichukuliwa na Pushpa, aliyesimama kutazama kila kipepeo.

Ungedhani hakuna anayeweza kukerwa na mambo kama hayo. Lakini mwanamke wa pale alikwenda mlimani kwa sababu. Alipanda na panga na kamba, akashuka na majani ya ng'ombe au kuni kichwani, shingo imenyooka. Hawa watatu walipanda na kapu la chakula, wakashuka na kapu tupu, wakicheka.

Wakati huo Anasia alikuwa amechumbiwa. Mchumba wake, Sifael, alikuwa karani wa kupima kahawa katika ghala la ushirika kule Usa River. Posa ilikuwa imekubaliwa, na ndoa ilingoja mavuno. Jumamosi moja, mama yake Sifael alikuwa sokoni Tengeru na mikungu yake ya ndizi, mwenzake mmoja akamwuliza kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mama Sifael, hivi mkweo amepoteza nini huko mlimani? Mbona kila Jumapili anakwenda kukitafuta na hakipati?"

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Sifael alifunga ndizi zake kabla ya saa, akaenda nyumbani.

Jumatatu Sifael alifika shuleni kwa baiskeli. Ruth alikuwa pale, amekuja kuazima daftari la nyimbo.

"Mama anasema uchague," Sifael alisema.

"Nichague nini?"

"Mlima au ndoa."

"Na wewe unasemaje?"

Sifael aliitazama kengele ya baiskeli yake kana kwamba jibu limeandikwa pale. "Mimi nasema mama ni mama."

Anasia alipokuwa amelazwa, kijana huyu alipanda kutoka Usa River kila jioni kwa baiskeli ileile, na kwa kuwa saa za kuona wagonjwa zilikuwa zimekwisha, alisimama nje ya dirisha akamsimulia habari za ghala: nani kaleta kahawa mbichi, nani katia mawe kwenye gunia. Anasia alimpenda tangu dirishani. Lakini njia ya mfereji ndiyo iliyomrudishia pumzi. Sasa aliambiwa aache kimoja.

Aliyejibu ni Ruth. "Mwambie mama yako aje aone mwenyewe tunachokitafuta! Jumapili, baada ya ibada, kwenye daraja. Tena aje na panga, tukimuudhi atukate vichwa."

Ulikuwa mzaha. Ila Sifael alikuwa mtu wa mizani. Hakuongeza wala hakupunguza. Alikwenda akamwambia mama yake maneno yote kama yalivyo, pamoja na panga.

Wiki ile, Bibi alisema, alifundisha watoto kuhesabu huku mwenyewe akisahau alipofikia.

Jumapili walimkuta Mama Sifael amefika darajani kabla yao, na gauni la kanisani, khanga kiunoni, kamba begani, panga mkononi.

"Shikamoo mama," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Nimeitwa, nimekuja. Na panga hili hapa."

Ruth alijificha nyuma ya Pushpa, ambaye hakutosha kumficha hata nusu.

Mama Sifael hakungoja kuonyeshwa njia. Alitangulia kwa hatua za mtu anayewahi mvua, na mara kona ya kwanza ikammeza. Walimkuta kwenye mringaringa, amesimama, hata jasho hana.

"Mlikuwa mmelala?"

Hapo Anasia alijua kwamba akinyamaza, matembezi yamekwisha. Huyu mama atafika juu kabla yao, ataona miti, atashuka aseme hakuna kitu. Akakunja mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesomeshwa mbele ya mkaguzi.

"Mama, samahani. Sisi tuna utaratibu. Wa polepole ndiye anayetangulia. Na hakuna anayempita."

"Wa polepole ni nani?"

Pushpa aliinua mkono.

"Kwa hiyo mimi nifuate visigino vya binti Harshad mpaka msituni?"

"Ndiyo, mama."

Mama Sifael alimtazama mkwe wake mtarajiwa kwa muda. "Mwalimu," alisema, "kumbe una mdomo." Akakaa nyuma ya Pushpa.

Mwanzoni alinung'unika. Alimwambia Pushpa kwamba konokono angekuwa amefika na kurudi. Pushpa alimjibu kwa Kimeru kwamba konokono hana kapu la chapati la kubeba, na mama yule, ambaye hakutegemea kujibiwa kwa lugha yake, alikohoa ili asicheke. Halafu akanyamaza. Mtu akinyimwa haraka, macho yake hutafuta kazi. Alianza kuinua uso.

"Lile kule chini ni nini?"

"Ziwa Duluti, mama."

"Duluti nalijua, nimechota maji pale tangu usichana." Alisimama kidogo. "Sikujua kwamba ni la mviringo."

Walifika kwenye banio, pale mfereji unapochukua maji yake mtoni. Ni mahali padogo: mawe, magogo ya migomba na udongo wenye nyasi, vimepangwa kugeuza sehemu ya maji ya mto. Kuutengeneza mfereji ilikuwa kazi ya wanaume, na Mama Sifael, aliyepikia maji yale tangu alipoolewa, hakuwahi kuona yanakotoka. Alivua viatu vya kanisani. Aliweka miguu majini. Alikunywa kwa kikombe cha Malkia, akala chapati ya Pushpa, akasema ni chungu kidogo, akachukua nyingine. Mbega waliruka juu yao, mikia myeupe ikipeperuka kama vitambaa vya madhabahuni. Ruth peke yake hakuweza kuvumilia ule ukimya, akaanza kuimba sauti ya tatu ya wimbo wa asubuhi, kwa chini.

"Mlima huu nimeupanda tangu nilipoolewa," Mama Sifael alisema hatimaye. "Sijawahi kukaa."

Bibi aliniambia kwamba aliitazama mikono ya mama yule: ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, kama vitu alivyosahau kuvirudisha mahali pake.

Kisha alisimama, akakung'uta khanga.

"Haya. Sasa wale wa sokoni nitawaambia nini?"

"Waambie ulikaa ukala chapati," Ruth alisema.

"Wewe mwenye mdomo, nyamaza. Kukaa hakuelezeki. Mwanamke hashuki mlimani mikono mitupu, hilo ndilo kosa lenu, hamna jingine. Mkishuka na majani, mlikwenda kukata majani. Nani atauliza?"

"Lakini mama, leo si Jumapili?" Anasia aliuliza.

"Ng'ombe hajui Jumapili. Ulishamwona amefunga?"

Walipotoka nje ya mpaka wa msitu wa serikali, alikata majani kwa lile panga lililoletwa kwa ajili ya vichwa vyao. Alifunga mizigo minne, wa Pushpa mdogo kuliko yote, akawasokotea ngata za majani ya mgomba. Pushpa alishika mzigo wake kwa mikono miwili, na majani yakamfunika macho, kwa hiyo kushuka aliendelea kuwa wa mbele na wa polepole, na wote wakamngoja.

Pale Tengeru, mzee Harshad alikuwa amekaa kwenye baraza ya duka lake. Alivua miwani.

"Pushpa, umenunua ng'ombe?"

Na yule mwanamke wa sokoni, kwa kuwa Mungu hupenda kupanga mambo, alikuwa anapita.

"Mama Sifael! Naona mnatoka mlimani."

"Ndiyo. Nilikwenda kukata majani na mkwe wangu."

Bibi alikuwa nyuma, mzigo umemfunika hadi mabegani. "Sikuona uso wa mtu yeyote," aliniambia. "Lakini hilo la mkwe nililisikia. Nusura niangushe majani."

Walioana baada ya mavuno. Pushpa alileta kitambaa cha gauni kutoka kwa baba yake, na juu ya kifurushi alikuwa amefunga fungu dogo la majani kwa utepe mwekundu. Wageni hawakuelewa. Mama Sifael alicheka mpaka akalazimika kukaa.

Miaka iliyofuata ndiyo Bibi aliyopenda kuisimulia, hata kama ndani yake hakuna kilichotokea. Walipanda wanne, wakashuka wanne, na ng'ombe wa Mama Sifael wakanenepa hadi watu wakaja kuuliza siri. Alikwenda nao mpaka magoti yake yalipokataa, na hata hapo aliwasindikiza hadi darajani, akawahesabu kwa macho, akawangoja. Pushpa alipoolewa mjini Arusha, Bibi na Ruth walishuka kwa basi kwenda kumtembelea, wakapanda naye kilima cha Suye jioni, kilima ambacho hata mtoto hupanda. Walishuka na majani. Ua wa nyumba ile haukuwa na mnyama, wakampa mbuzi wa jirani.

Halafu familia ya mume wa Pushpa ilihamia Nairobi, na baadaye ng'ambo. Ruth alienda kukaa Lemara, akapata wajukuu wengi na presha. Matembezi ya mwisho yalikuwapo, lazima yalikuwapo, lakini hakuna aliyejua siku ile kwamba ndiyo hayo. Bibi alijaribu kukumbuka ilikuwa Jumapili gani. Hakuweza, na hilo lilimsumbua kuliko kifo chochote alichowahi kunisimulia.

Mara ya mwisho nilipokwenda naye kwenye mfereji, sehemu kubwa ilikuwa imejengewa saruji, na mringaringa ulikuwa umekatwa zamani. Bibi alitangulia. Nilitembea nyuma yake hatua fupifupi, nikaona mambo ambayo sijawahi kuyaona pale. Hatukufika kwenye banio. Tulifika pale ambapo Duluti huonekana, akakaa kwenye jiwe, akalitazama, kisha akasema turudi.

Zizi lake lilikuwa tupu tangu babu alipofariki. Hata hivyo, kabla hatujashuka, aliinama, akashika goti kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akang'oa majani ya kujaza kiganja. Aligawa, nusu yangu, nusu yake. Tulipofika kwa jirani alisimama kwenye uzio, akaita ng'ombe kwa ulimi, na yule ng'ombe, ambaye inaonekana alikuwa amezoea, alikuja moja kwa moja.