Kumi na Mmoja, na Benchi Tupu

Timu yetu ya mpira wa magongo ilikuwa na watu kumi na mmoja wazuri, na nyuma yao hakuna kitu. Nilisema hivyo miaka minne, kila Jumamosi, pale uwanjani Hayes, London, na kila Jumamosi wanaume walinitazama kama nimewatukania mama zao. Mwanamke anajua nini? Alaa! Kaka zangu watatu walicheza Unguja kabla hatujatawanyika baada ya mapinduzi, na mie sikukosa mechi hata moja. Isitoshe nilikuwa nesi wa wodi ya mifupa. Magoti nayajua.

Hebu tukitazame kikosi chenyewe. Kipa, dereva wa basi, mikono mizuri. Siku akiwa na zamu anasimama langoni kocha, yeye na tumbo lake. Mabeki wawili ni ndugu wa baba na mama, hawapitiki, lakini mmoja akialikwa harusi Leicester na mwenzake naye kaalikwa, basi siku hiyo ukuta wote umehama. Washambuliaji watatu, mmoja wao mvivu wa kutupwa. Kiungo wa kati, mume wangu, miaka arobaini na minne, mpakiaji mizigo kiwanja cha ndege, goti lake la kulia linavimba kila Jumapili kama andazi. Akiba je? Kwenye benchi yalikaa makoti na chupa ya chai.

Goti lile ndilo lililoninyima raha. Likikatika hapakii tena, na kazi nyingine hana. Nilimwambia apumzike. Akanijibu, "Nani ataingia?" Na kweli, nani?

Kosa nililibandika kwa kocha. Kalasinga wa Nairobi, mwenye duka la vitambaa, mtu wa heshima zake, lakini kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Timu yetu ilipiga kelele zake zote kwa Kiswahili. Wahindi, Makalasinga, Waarabu, sote tumetoka kule, na Waingereza wakisikia "mwachie wa kulia" hawajui kinachowajia. Tulishinda mechi nyingi kwa hilo, sikatai. Ila kocha aliligeuza sheria: asiyejua Kiswahili hachezi. Na vijana wetu wote waliozaliwa London ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Basi wote akawafuta.

Mwanangu alikuwa mmoja wao. Miaka ishirini, mbio anazo, magongo anayacheza chuoni kwao kiungo wa kati kama babake. Nilimfuata kocha.

"Shemeji, muweke mwanangu akiba."

"Hajui lugha, shemeji."

"Anaelewa kila kitu! Toka mdogo namgombeza kwa Kiswahili."

"Namsalimia Kiswahili, ananijibu Kizungu."

"Kwani anakuja kucheza au kuhutubia?"

Akacheka, akaenda zake. Nilimchukia, wallahi. Siku ile nilimnyima kocha chai, na mume wangu akanikemea, akasema nisiingilie mambo ya timu. Karatasi za ligi lakini nilikuwa najaza mie, kwa kuwa wao kuandika wavivu. Nikamwandikisha mwanangu kimya kimya.

Mechi ya mwisho ya msimu, tukifungwa tunashuka daraja. Kipindi cha pili, bao moja kwa moja, mume wangu akageuka kuufuata mpira. Mwili ukageuka, mguu ukabaki. Aliposhika goti kwa mikono miwili nilijua, sikuhitaji kuambiwa na daktari. Nilimkimbilia na baibui langu kwenye matope, nikamfunga kwa skafu, huku nalia kwa hasira.

Kocha akasema watamalizia kumi. Kumi!

"Mwanangu yule pale," nikamwambia, "na jina lake liko kwenye karatasi. Umwingize yeye, au naingia mie."

Akamwingiza, uso umemwiva. Akaanza kumpigia kelele, rudi, mwachie, panda naye, na mwanangu anafanya kabla neno halijaisha, huku anajibu kwa Kiingereza chake kwamba ameshasikia. Waingereza wakabaki wanageuza shingo. Mechi ikaisha bao moja kwa moja, hatukushuka. Wanaume wakamkumbatia mwanangu wakampigapiga mgongoni. Babake alikuwa amelala pembeni juu ya makoti, hakutazama.

Jumapili ya pili yake kocha alikuja nyumbani na zabibu. Mume wangu alikuwa kwenye kochi, mguu umefungwa toka paja hadi kifundo, na kiwanja cha ndege wameshampa barua ya kumwachisha kazi. Nilimsubiri kocha akae, nikamfungulia bomba. Miaka minne nakwambia benchi tupu! Miaka minne hukumjaribu mtoto hata mara moja! Goti hili umelivunja wewe!

 Kocha akasema polepole, "Shemeji, mwaka jana nilitaka kumchukua. Nilimwuliza babake, mara mbili. Akaniambia mtoto haelewi hata neno."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anaitazama televisheni, na televisheni ilikuwa imezimwa.

"Kweli?" nikamwuliza.

"Ilikuwa nafasi yangu," akasema. "Toka tumekuja nchi hii, nilikuwa na nini kingine?"

Roho iliniuma kwa hasira, na kwa huruma pia, na hasira ikashinda. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani za matunda. Alikuwa amesikia yote.

Mume wangu naye akamwona. Akakohoa kidogo, akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya upole ambayo sikuizoea, "Baba, niletee ule mto niweke mguu."

Mwanangu akaziweka sahani mezani. Akamjibu kwa Kiingereza, taratibu, kwamba haelewi hata neno. Kisha akapanda juu.

Mto ulikuwa ubavuni pangu. Sikuinuka. Aliuleta kocha.