Aliyeahidi Kumwigiza Bibi

Enzi zetu, msibani watu walicheka. Najua vijana wa leo watanishangaa, wao ambao rambirambi yao ni kikatuni cha machozi kwenye grupu. Tuliokulia Ruhembe tunakumbuka: mtu akifa, mtani anavaa shati lake, anashika fimbo yake, anatembea na kukohoa kama yeye, mpaka mjane anacheka huku analia. Na katika watani wote, kuanzia Vidunda huko juu mpaka kwetu bondeni, hakuna aliyemfikia Bibi yangu.

Tulimfuata misibani, mimi na Elodi, mtoto wa Kifaransa ambaye baba yake alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari ya miwa. Pekupeku, kipande cha muwa mkononi, shikamoo kwa kila mtu mzima. Kiswahili alikidaka upesi, na Kividunda alitupita hata sisi wajukuu. Jioni Bibi alimsimamisha uani, karibu na kinu, akamfundisha.

"Usianze na sauti. Anza na miguu."

Siku moja Elodi akamwigiza Bibi mwenyewe: mkono kiunoni, bega moja chini, msonyo mrefu, halafu kicheko. Bibi alicheka mpaka khanga ikamdondoka.

"Nikifa, wewe ndiye utakayevaa khanga yangu. Usinitupe."

"Sikutupi, Bibi," akasema Elodi. Haukupita muda, wazazi wake wakamrudisha kwao.

Tukaja kumwona kwenye televisheni, mtu mzima, mwigizaji. Leo filamu ya kwao kwa Kifaransa, kesho Italia kwa Kiitaliano, keshokutwa yuko India anagombana na mama mkwe kwa Kihindi! Bibi aliita majirani, "Njooni mmwone mtani wangu!" Mtangazaji alipomuuliza amejifunzia wapi kuigiza, Elodi akataja chuo cha Paris. Mwanangu ndiye aliyenitafsiria. Bibi aliponiuliza kasema nini, nikamwambia anakusalimia.

Halafu Elodi akaja Mikumi kurekodi filamu. Bibi akavaa khanga yake ya heshima, tukapanda basi, tukakaa nje ya geti la hoteli tangu asubuhi. Mchana akatoka kijana mmoja na redio ya upepo mkononi, shikamoo hana.

"Madamu nimemwambia. Anasema ratiba imembana."

Bibi akajifunga khanga upya. "Labda hakuelezwa vizuri," akasema. Mimi nilitamani kulivunja lile geti. Mpaka leo nikipita pale roho inaniuma.

Bibi alifariki masika yaliyofuata. Watani wakaja, ndiyo, lakini wa siku hizi! Kijana mmoja alivaa khanga ya Bibi, akahangaika kidogo, akaishia kucheza singeli huku wenzake wakimrekodi. Hakucheka mtu. Ndipo mwanangu akatoa simu, akatuonyesha filamu mpya ya Italia. Elodi kapakwa mvi, anaigiza kikongwe wa Kiitaliano. Mkono kiunoni. Bega moja chini. Msonyo ule ule, halafu kicheko.

"Mama huyo!" shangazi akapiga kelele. Uani wote wakacheka, wakalia.

Enzi zetu mtani akishamaliza kuigiza, aliivua nguo ya marehemu, akairudisha, akakaa mkekani kula wali na wafiwa. Huyu amemwigiza Bibi kuliko watani wote, kwa lugha ambayo Bibi hakuijua, na mpaka leo yeye mwenyewe hajui kwamba Bibi amekufa.