Bernice Wojcik na Kamera ya Basi Namba Nne

Hapa Tarbell Hollow, kijiji chetu cha Marekani, hakuna mtu aliyeitaka ile kamera kama Bernice Wojcik, dereva wa basi namba nne la shule. Mimi napika katika jiko la shule hiyohiyo, kwa hiyo habari zake nazipata zikiwa bado za moto.

Ameliendesha lile basi la njano miaka kumi na tisa. Kila akisimama, taa nyekundu zinawaka na kibao cha kusimamisha magari kinachomoza ubavuni. Sheria inataka magari ya pande zote mbili yangoje mpaka kibao kirudi. Hayangoji. Majira ya baridi yaliyopita, kioo cha ubavuni cha pikapu moja kilinasa begi la Odette, mtoto wa miaka saba, likiwa bado mgongoni kwake. Alianguka kwenye theluji, akainuka mzima. Namba ya gari hakuna aliyeiona. Tangu siku hiyo Bernice akawa haiachi bodi ya shule ipumue: tufungieni kamera za kunasa magari yasiyosimama, mabasi yote tisa.

Mwenyekiti wa bodi, Harlan Pruitt, muuza chakula cha ng'ombe, hakutaka kusikia. "Bernice, watu wa hapa wamezaliwa wanalijua hilo basi. Wanaopita ni wageni. Kamera yako itakamata vumbi."

"Nipe moja tu, Harlan, nikuletee hilo vumbi kwa majina."

Akapewa moja, majaribio ya wiki nne, kisha bodi ipige kura.

Sasa sikilizeni. Wiki ya tatu Bernice aliomba siku moja ya ruhusa, apeleke masinia matatu ya pierogi, yale maandazi ya Kipolandi yaliyojazwa viazi, kwenye ukumbi wa zimamoto kwa ajili ya mlo wa samaki wa Ijumaa ya Kwaresima. Dereva mwingine akashika basi lake. Asubuhi hiyo, kwenye mteremko wa Quarry, Bernice akiwa kwenye gari lake dogo akakutana uso kwa uso na namba nne, taa nyekundu zikiwaka. Akasimama sawasawa. Halafu akaanza kuhesabu watoto wanaopanda, maana kwa miaka yote hiyo hajawahi kuwatazama watoto wakipanda basi bila kuwahesabu. Kituo kile kina watoto sita. Wa sita alipoingia, Bernice alinyoosha mkono wa kulia, akavuta mpini wa mlango wa basi, mpini ambao gari lake halina, akaachia breki na kwenda zake. Taa nyekundu zilikuwa bado zinawaka. Na wala hakujua amefanya nini.

Alikuja kujua Jumatatu. Kila picha ya kamera lazima ipitiwe na polisi kwanza, na polisi wetu ni Lyle Brandt, kijana mpole, ambaye siku hiyo alimpokea Bernice huku akijiuma midomo.

"Bi Bernice, karibu ukae."

"Nimekaa tangu alfajiri, afande. Nionyeshe."

Akamwonyesha. Bernice akasogeza uso karibu na skrini. "Huyu mama anavuta nini?"

"Nilitegemea uniambie wewe."

Walicheka mpaka katibu wa kituo akaja kuchungulia. Kisha Lyle akafuta macho. "Mimi ndiye naamua picha zipi ziende kwa bodi. Hii naweza kuiacha. Harlan akiiona, kura yako imekufa."

"Kati ya wale madereva kumi na mmoja wengine walionaswa, umemwacha nani?"

"Hakuna."

"Basi iende."

Akaja moja kwa moja jikoni kwangu, akaegemea friji. "Shoga," akaniambia, "nimeiua kamera yangu kwa mikono yangu." Akacheka tena, lakini chai niliyompa hakuinywa.

Alhamisi, siku ya kura, ukumbi wa shule ulijaa. Bernice akaonyesha picha kumi na moja, mojamoja, karibu zote magari tunayoyajua, na wenye magari wakawa wanakagua viatu vyao. Kisha akasema, "Na huyu wa mwisho ni mimi."

Mkono ulipovuta hewa, ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Harlan alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Rudisha. Rudisha hapo kwenye mkono. Mwacheni mama afunge mlango wake." Ikarudishwa mara tatu.

"Umeridhika, Harlan?" Bernice akamuuliza. "Haya, mara hii isizimwe. Tazama baada ya mimi kupita."

Kwenye skrini mlango wa basi ukafunguka tena. Odette akashuka, akakimbia hadi katikati ya barabara, palepale gari la Bernice lilipotoka kupita, akaokota glovu yake nyekundu, akarudi ndani.

Hakuna aliyecheka.

"Ulisema wanaopita ni wageni," Bernice akasema. "Nani hapa analijua basi hilo kunizidi mimi? Nilipita kwa sababu nalijua. Nilikuwa na uhakika."

Harlan akaokota miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu. "Barabara ile mimi naipita kila siku," akasema. "Nami nina uhakika kila siku." Akaita kura. Kura nne kwa moja: kamera kwa mabasi yote tisa.

Kelele zilizoibuka hapo, ndugu zangu, king'ora cha zimamoto hakifui dafu. Bernice akapitishwa mabegani, mwanamke mzima mwenye buti za theluji, huku akipiga kelele ashushwe kwani waliombeba wana mabega mabovu. Lyle akamngoja mlangoni.

"Faini yako itakuja kwa posta, Bi Bernice."

"Ije," akasema, bado hewani. "Nitaitundika sebuleni."