Wageni Waliomo Kwenye Kompyuta

Juzi nikiwa kwa fundi wa kompyuta hapa Kasulu, mzee mmoja alileta kompyuta ya nyumbani inayomaliza bando la intaneti hata asipoigusa. Fundi akaweka programu inayoonyesha mashine inawasiliana na wapi. Skrini ikajaa majina ya nchi za mbali. Mzee akatoa daftari, akaanza kuyanakili.

"Ya nini hayo, mzee?" fundi akauliza.

"Nampelekea mwenyekiti wa mtaa. Huku mpakani, mgeni akilala kwako bila taarifa, unaulizwa wewe."

"Ni programu zako tu, zinajiapdeti."

"Zilipiga hodi?"

Mimi nilicheka kimoyomoyo. Nikarudi nyumbani, nikaweka programu ileile kwenye kompyuta yangu.

Sasa natafuta daftari.