Kiwanja Kilichofyekwa kwa Ajili Yangu

Maboga ya shule yetu Lusewa yalikuwa yanatoa maua kwa fujo, kisha viboga vinafikia ukubwa wa kidole gumba na kudondoka. Bwana shamba alikuja, akatazama, akasema hatuna nyuki. Akanielekeza kwa Mama Fidea wa Matogoro, mjini Songea, mjane aliyeacha maua ya porini yaote kiwanjani kwake na mengine akayapanda juu ya paa, mpaka nyuki wakarudi mtaani. Nikampigia simu kuomba mbegu. Nikataja na siku: Jumapili. Hapo ndipo nilipokosea.

Jumapili alfajiri niliondoka kwa pikipiki. Vumbi la barabara ya Namtumbo lilinipaka wekundu mpaka kwenye kope. Kutoka Namtumbo nilipanda basi, nikasinzia, nikaamka milima ya Matogoro imeshajitokeza mbele.

Saa tano nilikuwa Matogoro. Nyua za mtaa ule zimefagiliwa hadi udongo unang'aa, kama kwetu. Bajaji iliniacha mbele ya kiwanja kilichofyekwa chini kabisa, majani yamelundikwa pembeni na maua yake bado mabichi. Nikadhani nimekosea nyumba. Mama wa makamo aliyevaa kitenge cha kanisani alikuwa amesimama katikati.

"Shikamoo mama. Kwa Mama Fidea ni wapi?"

"Marahaba. Ndiyo hapa, mwalimu. Ndiyo kwanza natoka misa."

Kabla hajaongeza neno akatokea jirani yake, Saidi, muuza vitenge aliyehamia kutoka Lindi, fyekeo begani na shati limelowa jasho.

"Karibu mwalimu! Mama aliniambia anapata mgeni. Nikasema alhamdulillahi, ila mgeni apokelewe na pori hili? Yeye yuko kanisani, mimi nikaingia kazini."

Mama Fidea alilitazama lundo lile. "Asante, kaka," akasema. "Umechoka. Njoo unywe chai."

Mbegu za maua yale zilikuwa zimebakiza wiki mbili kukomaa. Misimu mitatu ya kuvumilia maneno ya watu kuhusu nyoka na mbu ilikuwa imelala pale chini. Niliona aibu, maana Saidi hakuwa na ubaya wowote, na aliyesababisha yote ni mimi.

Adhuhuri Saidi alipokwenda kuswali, Mama Fidea alitoa ngazi stoo. Juu ya paa la zege la jiko alikuwa ametandika nailoni ngumu, kokoto, kisha udongo. Kivumbasi, mgagani na kishona nguo vilikuwa vimesimama huko, na nyuki wote wa kiwanjani walikuwa wamehamia juu. Kilichokomaa kilikuwa kivumbasi peke yake. Tulikung'uta mbegu kwenye kitambaa, zikatosha kiganja kimoja.

"Chukua," akasema. "Umetoka mbali."

"Na kiwanja chako, mama?"

Akachungulia chini, kwenye lundo. Nilizitaka sana zile mbegu, nisidanganye. Nikamrudishia kitambaa.

Alikifunga fundo, kisha akauliza, "Huko shuleni, nyuma ya madarasa, kunaota nini?"

"Hakuoti kitu. Wachelewaji wanafyeka kila Jumatatu. Mimi ndiye mwalimu wa nidhamu."

Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Basi Saidi wa Lusewa ni wewe."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Jumatatu wachelewaji niliwatuma kuchota maji, mafyekeo nikayafungia stoo. Mwalimu mkuu alikereka. "Wakija wakaguzi tutawaambia nini?" Nikatia ufunguo wa stoo mfukoni.

Mvua zilizofuata, nyuma ya madarasa kuliota mgagani na kishona nguo bila mtu kupanda. Wanafunzi wananung'unika kwamba sare zinajaa vishona. Lakini nyuki wapo, na maboga matatu yamefika ukubwa wa sufuria.

Juzi Mama Fidea alinipigia. Kivumbasi kimeota, kiwanja kinachanua, niende nikaone. Nitakwenda. Siku tu ndiyo sitaitaja.