Wimbo Haujaisha, Mmeshagombana

Ninyi vijana mtakaosoma haya, acheni kwanza kubishana humo kwenye simu zenu. Mtaendelea baadaye, najua. Mimi nimechoka. Nyumba yangu hapa Mtendeni imegeuka uwanja wa kugombea wimbo wa Kizungu, tena wagombanaji wenyewe hawakuwa hata wamezaliwa ulipoimbwa.

Wimbo huo ni wa roki, wa magitaa makali na ngoma kama mvua ya mawe juu ya bati. Marehemu mwanangu Petro alikuwa nao kwenye kaseti. Akichambua tumbaku anaufungulia, anatikisa kichwa mpaka kofia inaanguka. Sasa kuna binti huko Ulaya ameuimba upya, taratibu, kwa gitaa moja tu, na watoto wa Petro wamegawanyika. Yusta anautaka huu mpya upigwe Jumamosi akiingia ukumbini, siku ya harusi yake. Kaka yake Elia, fundi simu wa Kanyenye, hataki hata kuusikia.

"Shikamoo Bibi," aliniambia leo mchana, hata hajakaa. "Mwambie mjukuu wako, huo si wimbo, ni uji usio na sukari."

"Marahaba. Mwambie mwenyewe, yuko jikoni."

"Nimesikia!" Yusta akajibu huko huko. "Na huo wako ni mashine ya kusaga iliyokatika mkanda!"

"Haya. Wakiupiga, mimi siji. Tafuta mtu mwingine wa kukushika mkono."

Mwanangu unayesoma, elewa hapo. Baba yao hayupo. Elia ndiye wa kumshika dada yake mkono na kumkabidhi kwa mumewe. Nikasikia mwiko umeacha kugonga sufuria. Na huyu kaka mtu amekaa kwenye kiti changu anabofya simu, anamtukana mtu wa nchi asiyoijua juu ya wimbo huo huo!

Ndipo nikaikumbuka Goweko, kijiji cha usichana wangu. Baada ya mavuno, ngoma mbili zilishindana kwenye uwanja mmoja, kila moja na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Iliyovuta watu wengi ndiyo iliyoshinda. Kwa hiyo watu walikuwa mbio: unasikiliza kidogo hapa, unakimbilia kule, unarudi kuwavuta wenzako. Mimi na dada yangu Kabula tulikuwa wa manju Shija, hutuambii kitu. Mwaka mmoja manju wa upande wa pili, kijana aitwaye Luhende, akauchukua wimbo ambao Shija alimwombolezea mama yake, akauimba kwa mwendo wake mwenyewe. Loo, tulivyochachamaa! Shangazi yetu, aliyetulea tangu wadogo, alikuwa anacheza kule kwa Luhende. Kabula akamvuta kanga, wakaanguka vumbini wote wawili mbele ya watu.

Tukamtafuta Shija tumshitakie. Kwenye ngoma yake hayupo. Tukamkuta kwa Luhende, ameketi juu ya kigoda, macho ameyafumba, mashavu yamelowa.

"Manju, wanakuibia!" nikapiga kelele.

"Nyamaza, mtoto. Namsikiliza mama yangu."

Wimbo ulipokwisha akatugeukia. "Ninyi mliokuja mbio, huu wa Luhende mmeusikia mpaka mwisho?"

Hatukuwa tumeusikia.

"Na wangu je?"

Hata wa kwake hatukuwahi kuumaliza, kwa kukimbizana na watu.

"Sasa mnanipigania nini?"

Shangazi hakusema na Kabula mpaka tulipoanza kulima tena. Kwa ajili ya wimbo ambao Shija mwenyewe alikuwa ameketi anaufurahia!

Basi leo nikamwambia Elia jambo ambalo dada yake, kwa ukaidi wake, hakulisema. Wakati baba yao anaugua, Elia alikuwa Dar es Salaam kwenye kazi. Petro hakuweza tena kutikisa kichwa. Wimbo wake alikuwa anaupigia mluzi kitandani, polepole, pumzi ikikatika katikati, na Yusta ndiye aliyekuwa akimlisha uji. Huyo binti wa Ulaya hajui, lakini ameuimba hivyo hivyo, polepole.

Elia akaacha kubofya.

Kwa hiyo nawaambia, wanangu. Mwenzako akipenda wimbo usioupenda, usikimbilie kumtukana. Muulize ameusikia wapi, na alikuwa na nani. Wimbo wa zamani ukiimbwa upya, ule wa kwanza haujaenda popote. Ndugu ndiye anayekwenda, na kumrudisha ni kazi. Mungu awape masikio yenye subira, na siku ya furaha yenu asikosekane wa kuwashika mkono.

Nyumbani kwangu nimeshaamua. Jumamosi Yusta ataingia na huo wa gitaa moja. Wakati wa kula, kaseti ya baba yao itapigwa kwa sauti yote, majirani watatuvumilia. Lakini kabla ya Jumamosi kuna leo, na leo nimewaambia hivi:

"Elia, zima hiyo simu. Yusta, epua sufuria, njoo. Kaeni hapa kwenye mkeka, kila mtu asikilize wa mwenzake mpaka mwisho. Atakayefungua mdomo kabla gitaa halijanyamaza, ndiye atakayesugua masufuria yote ya harusi, hata akiwa bibi harusi mwenyewe."